Vidonge Viporo vya Fundi Cherehani

Kuna mafundi wasiopenda kutupa kitu, halafu kuna mimi. Chumba changu cha kushonea kina upana wa hatua sita, na kati ya hizo, nne zimemezwa na mabaki: vipande vya bitana, nyuzi zilizobaki mizunguko mitatu minne, zipu zilizong'olewa kwenye suruali za watu waliokwisha kunenepa wakazihama. Mke wangu akiingia hupita upande upande kama kaa.

"Baba watoto," husema, "siku moja tutakuja kukutafuta humu ndani kwa kamba."

"Akiba haiozi," humjibu.

Methali hiyo niliiegemea kama wengine wanavyoegemea mkongojo. Na kwa upande wa vitambaa haikuniangusha. Mtu anakuja na shati la samawati lililochanika kwapani, natia mkono kwenye gunia, natoa kipande cha samawati ileile kilichokaa humo miaka minane, na mtu anaondoka akiniona nabii. Sifa za namna hiyo humharibu binadamu. Ukiambiwa kwa miaka thelathini kwamba kwako hakukosekani kitu, mwisho unaamini kwamba hakuna kitu kisichofaa kuwekwa.

Ndipo nikaanza kuweka vidonge.

Ilianza kwa kikohozi. Zahanati walinipa antibiotiki, zile dawa za kuua bakteria, za siku saba, wakaniambia nizimalize. Siku ya tatu kikohozi kikaniaga. Nikabaki nimeshika vidonge kumi na viwili, vyekundu nusu na vyeusi nusu, vinang'aa kama viatu vya harusi, nikajiuliza: fundi gani anamaliza kushona suruali halafu anaendelea kukata kitambaa kwa sababu tu kimebaki? Nikavitia kwenye kopo la vifungo. Baadaye mke wangu aliumwa jino, akabakiza vitatu. Mwanangu mkubwa alikatwa na bati, akabakiza sita. Kopo likawa na familia nzima.

Nilivipanga kwa rangi, kwa kuwa fundi hajui mpango mwingine. Vya rangi mbili kwenye kifuko chake, vya njano kwenye chake, vyeupe kwenye chao. Hivi vyeupe ndivyo vilivyonipa tabu kidogo, maana vifungo vya mashati navyo ni vyeupe, na mpaka leo siwezi kuapa kwamba hakuna jirani aliyemeza kifungo kwa maji ya uvuguvugu akanishukuru kesho yake.

Ndiyo, majirani. Akiba ikiwa kubwa huwezi kuila peke yako. Mtaani wakaniita Daktari Cherehani, na mimi, badala ya kuona aibu, nikaanza kuvaa miwani hata wakati ambapo sikuwa natunga uzi. Mgonjwa wangu mkuu alikuwa fundi viatu wa chumba cha pili.

"Daktari, mafua yamenibana."

"Vya njano viwili."

"Si juzi ulinipa vyekundu?"

"Juzi yalikuwa mafua ya pua ya kushoto. Sasa nakuona unavuta kwa kulia."

Siku ya tano anakuja amepona, ananishika mkono kwa mikono yake miwili yenye gundi. Hakuna aliyeniambia kwamba mafua huondoka siku ya tano hata ukiyapa maji ya bomba, na kwamba antibiotiki haiyagusi hata kidogo. Au pengine waliniambia, nikawa nimevaa miwani.

Sasa kuna jambo ambalo lazima niliseme, ingawa linanivua nguo. Mimi, mwanamume ninayeshika sindano tangu asubuhi mpaka jioni, naogopa sindano. Naiogopa ile ambayo mwisho wake hauna tundu la uzi. Tulipokuwa shule ya msingi walikuja watu wa chanjo na sanduku lao la barafu, wakatupanga mstari uani. Kaka yangu alinizidi mwaka mmoja lakini tulikuwa darasa moja, kwa sababu ambazo yeye hapendi zielezwe. Tulifanana, na mama alikuwa ametushonea mashati kwenye kitambaa kimoja. Nilimpa penseli mpya. Akachanjwa mkono wa kushoto kwa jina lake, akazunguka nyuma ya darasa, akarudi kwenye mstari, akachanjwa mkono wa kulia kwa jina langu.

Miezi michache baadaye surua ilipita pale shuleni. Iliingia darasani kwetu, ikatutazama mmoja mmoja, ikawaacha wenzangu wote walivyo, ikanichukua mimi. Kwenye orodha ya mwalimu nilikuwa nimechanjwa, lakini surua haisomi orodha. Nililala wiki mbili chumba chenye pazia jeusi, na kaka yangu, buheri wa afya, akikaa miguuni pangu akila machungwa niliyoletewa mimi.

"Usiugue kingine," aliniambia. "Mimi sina mkono wa tatu."

Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi nilijifunza kukwepa vizuri zaidi. Nilipokuwa baba, siku za kupeleka watoto kliniki nilikuwa daima na mteja wa haraka. Mke wangu alikwenda peke yake, mtoto mgongoni, na kadi zao za chanjo akazitunza kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Wote wanne walikua bila kujua surua inafanana na nini. Mimi nilijua, na sikuwa nasema.

Siku ya tukio nilikuwa nashona mapazia ya ukumbi wa shule, kitambaa kizito kama blanketi. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kwenye kazi yake ya siku zote, kulisukuma pindo liingie chini ya sindano. Watu hudhani fundi hushona kwa macho. Macho yapo kwa ajili ya kusalimiana na wateja. Kinachoshona ni ncha ya kidole, ndiyo inayojua kitambaa kimekaza wapi, kimelegea wapi. Fundi viatu akachungulia mlangoni.

"Daktari, na mtu akisikia kichefuchefu baada ya vile vya njano?"

Nikainua kichwa. Ningeweza kuinua na mguu kwenye kanyagio, lakini daktari akiulizwa swali hujibu kwanza.

"Hapo," nikasema, "tunatazama uzito wa mgonj..."

Sindano ilishuka kwenye ukucha, ikatokea upande wa pili, ikapanda, ikashuka tena. Mishono miwili. Nitasema kweli, ndiyo mishono iliyonyooka kuliko yote niliyoshona mwaka ule.

Fundi viatu ndiye aliyezima mashine. Mke wangu akaja mbio, akakifunga kidole kwa kipande cha kanga, akasema, "Twende zahanati wakakisafishe. Na wakuchome ya pepopunda."

Neno "wakuchome" lilitosha. Damu ilikauka yenyewe kwa adabu.

"Ya nini?" nikamwambia. "Dawa si ninayo?"

Nikameza vya rangi mbili, asubuhi na jioni, siku mbili. Maumivu yakapungua. Vilikuwa vimebaki vinne, nikavirudisha kopo, kwa kuwa mtu huwezi kujua. Siku ya tano kidole kikaanza kupwita. Nikahamia vya njano, siku tatu, kikatulia, nikavisitisha. Siku ya kumi kikarudi na ndugu zake: uvimbe, joto, usaha. Nikachanganya vya njano na vyeupe, nikisema moyoni kwamba wawili wakimpiga mmoja lazima aanguke. Wiki ya tatu kilikuwa kimevimba na kung'aa kama bilinganya changa, nami nilitembea nimekiinua juu, maana kikining'inia kilipiga ngoma. Watu walidhani nataka kuuliza swali.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mke wangu alisema akinikandia maji ya moto, "na hicho kidole chako naona kimeota sikio."

"Kesho kitapungua."

"Kesho ya mwezi gani?"

Asubuhi moja niliamka natetemeka kwenye jua. Mke wangu hakubishana nami tena. Aliondoka bila kusema, akarudi na kaka yangu. Kaka alisimama mlangoni pa chumba cha kushonea, kwa kuwa tumbo lake halipiti kati ya magunia, akanitazama mimi na kidole changu.

"Nyanyuka," akasema. "Safari hii siendi kwa jina lako."

Hospitali walinipokea kwa upole ulionitisha. Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili, mwenye sauti ya chini na kalamu iliyofungwa shingoni kwa uzi uliofumuka. Nilitamani kuutengeneza ule uzi. Akakigeuza kidole taratibu.

"Baba, umetumia dawa gani mpaka sasa?"

"Nyekundu na nyeusi. Halafu njano. Halafu njano kwa nyeupe."

"Majina yake?"

"Majina siyajui, mwanangu. Najua rangi."

Akaandika kitu kirefu. "Ulipewa na nani?"

"Ni za familia," nikasema, na mke wangu akatazama dirishani kama mtu aliyepanda gari na mgeni asiyemjua.

Walinipiga picha ya mkono. Daktari akaiinua kwenye mwanga, kisha akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akakaa kwenye kiti mbele yangu, magoti yetu karibu yakigusana.

"Nisikufiche, baba. Ugonjwa umeshaingia kwenye mfupa wa ncha. Tutakuanzishia dawa ya mshipani leo, na usaha tunaupeleka maabara tuuoteshe, tuone dawa ipi inauweza. Tukiipata mapema, tutaokoa kidole. Tukichelewa kitaondoka chote, na ukiendelea kupanda, tutakuwa tunazungumza habari ya mkono."

Nilikuwa na mzaha tayari. Mimi huwa ninao. Nilifungua mdomo na mzaha haukutoka. Nilikiona kitambaa kikipita chini ya sindano, na hakuna wa kukisukuma.

Wodini nilipewa kitanda cha pili kutoka dirishani. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mfupi mpana ambaye wagonjwa wote walimwita Sista, akaja na trei.

"Fundi, chanjo ya pepopunda ulipata lini mara ya mwisho?"

Nikamtazama kaka. Kaka akatazama dari.

"Mimi nimechanjwa mara mbili," kaka akasema, "kama hilo linasaidia."

Sista akatutazama kwa zamu, akaona kwamba hapo pana hadithi na yeye hana muda nayo. "Basi ni mbili leo. Moja ni kinga ya haraka, maana umekaa na jeraha chafu wiki tatu. Ya pili ndiyo chanjo yenyewe, na utarudi kuchanjwa tena baada ya mwezi."

Nilifumba macho. Nikauma shuka. Nilimwaza marehemu mama yangu.

"Haya, choma," nikasema.

"Nimeshamaliza. Nilikuwa nasubiri uache shuka, ni la hospitali."

Nilimuuliza kama hiyo chanjo sasa itaponya kidole. Akaniambia hapana, chanjo haiponyi kilichokwisha kuingia. Inaufundisha mwili sura ya mwizi kabla hajaja, ili siku akigonga mlango asifunguliwe. "Na asiyeugua hatafuti vidonge," akasema akikusanya vitu vyake. "Kila mtoto aliyechanjwa ni dawa moja ambayo hatukulazimika kuitumia ovyo. Dawa zinabaki na nguvu kwa ajili ya watu kama wewe." Hayo maneno "watu kama wewe" aliyasema bila ukali, ndiyo sababu yaliniuma. Nilifikiri: kumbe chanjo ni kupima kabla ya kukata. Kazi nzima ya maisha yangu ni hiyo, na kwenye mwili wangu mwenyewe nilikuwa nakata kwanza, kisha natafuta viraka.

Siku ya tatu homa ilikuwa palepale. Dawa ya mshipani iliingia tone kwa tone, na kidole kikaipokea kama kizingiti kinavyopokea salamu. Nikaambiwa majibu ya maabara yametoka, daktari yuko kwenye upasuaji, nisubiri. Mimi na kusubiri hatujawahi kupatana. Nikakokota nguzo yangu ya dripu mpaka mwisho wa korido, nikagonga mlango wa maabara.

Mtu wa maabara alikuwa mwembamba, na nywele zake zilimwagika upande mmoja. Nadhani hakuna mgonjwa aliyewahi kwenda kumuuliza kitu, maana alifurahi kama mtu aliyetembelewa na shemeji.

"Wewe ndiye kidole?" akauliza.

"Mimi ndiye."

"Njoo uone watu wako. Usiguse."

Kilikuwa kisahani cha plastiki chenye mfuniko. Ndani yake palitanda utando wa rangi ya maziwa, sawasawa, kama bitana iliyopigwa pasi, na juu ya utando huo palipangwa vidoa vyeupe saba vya mviringo. Nilijikuta nainama. Vilikuwa vimepangwa vizuri kuliko vifungo vyangu.

"Huu utando ndio bakteria waliotoka kwenye usaha wako," akasema. "Kila kidoa ni dawa yake. Dawa ikiwaweza, hawasogei, unaona duara safi kukizunguka kidoa. Isipowaweza, wanaota mpaka mlangoni."

Nilihesabu. Vidoa vitano havikuwa na duara lolote. Utando ulikuwa umevifikia, umevigusa, umevikumbatia. Akanionyesha kimoja kwa ncha ya kalamu.

"Hii ndiyo ile nyekundu na nyeusi. Mke wako alituletea zilizobaki, tukazitambua."

Walikuwa wameiegemea, wale bakteria. Walikuwa wamekaa pale kama wazee barazani.

"Kwa hiyo mwili wangu umezoea dawa," nikasema.

"Siyo mwili wako, mzee. Mwili wako hauna kosa. Hawa ndio waliozoea, wamekuwa sugu. Pengine baadhi uliwapata wakiwa sugu tayari, siwezi kujua. Lakini ukiwapiga nusu ukaacha, wanaokufa ni wanyonge. Wakorofi wanabaki, wanazaana, hawana wa kugombania naye chakula. Umekuwa unawachagulia mbegu." Akasita, akaona uso wangu, akaongeza kwa sauti ya kunifariji, "Na wamekua vizuri sana, lazima nikiri."

Miaka thelathini nimesifiwa kwa mengi, lakini sifa ile sikujua niiweke wapi. Nikauliza kama hao sugu hubaki kwangu tu. Akasema hapana, hupita: kwa mikono, kwa taulo, kwa vidonda. Nikamkumbuka fundi viatu akinishika mkono kwa mikono miwili. Nikawakumbuka wote waliokuja na koo, na tumbo, na jicho, na mimi na miwani yangu. Nilirudi wodini nikisukuma ile nguzo, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na cha kusema nisitake mtu wa kunisikiliza.

Daktari alikuja mchana, bado amevaa kofia ya upasuaji. Vidoa viwili vilikuwa na duara, akaeleza. Dawa moja ingeumiza figo zangu. Nyingine ipo, na ataianza sasa hivi. "Lakini mfupa wa ncha umekwisha kufa, baba. Dawa haifiki kwenye mfupa uliokufa. Nitaondoa kiungo cha mwisho, ili viwili vya chini vipate nafasi. Na hata hivyo viwili siwezi kukuahidi. Vitategemea hiyo dawa, na itategemea wewe kuimaliza."

Mke wangu alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Aliuchukua mkono mgonjwa, siyo mzima, akauweka mapajani mwake.

"Hiki kidole," akasema polepole, "ndicho kilichonipima gauni la kwanza. Kilikuwa kinatetemeka vilevile."

Nilitaka kulia, na kwa kuwa sijui kulia mbele za watu, nilirudi kwenye kazi yangu. "Daktari," nikasema, "ukipunguza, acha upindo. Fundi mzuri huacha upindo, mtu asije akajuta."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. "Nitaacha," akasema. "Ngozi kidogo ya kukunjia juu ya mfupa. Ndivyo tunavyofanya."

Ndivyo wanavyofanya! Nililala kwenye meza yao nikiwa nimetulia kuliko nilivyostahili, maana nilijua niko mikononi mwa mtu wa ufundi wetu.

Kidole kikarudi kifupi kama kaptula. Daktari alikuwa ameshona mishono midogo, ya karibu karibu, na mmoja tu ndio niliouona umevuta kidogo, sikusema. Homa ilishuka siku ya pili. Siku ya nne uvimbe ukaanza kukunjamana kama mto uliotolewa pamba. Siku ya tisa wakaniruhusu nyumbani na vidonge vya siku kumi na nne, vya asubuhi na jioni, na karatasi yenye maandishi makubwa ambayo mke wangu aliisoma kwa sauti mbele ya watoto, wakwe na fundi viatu. Kopo lenyewe alikuwa amekwisha kulikabidhi kwenye dirisha la dawa la hospitali likateketezwe, na wakamrudishia bahasha yenye vifungo kumi na moja.

Fundi viatu akaja kesho yake. "Daktari, koo."

"Daktari amefariki. Nenda zahanati. Na hicho kidonda cha mkononi mwako waonyeshe."

"Hata kimoja cha njano?"

"Toka mlangoni kwangu."

Alikwenda, akanuna siku tatu, akarudi na kidonda kimesafishwa.

Sasa msidhani nimekuwa malaika. Siku ya kumi na mbili niliamka kidole hakiumi. Ngozi imefunga, haina joto, haina usaha. Nilikaa mbele ya cherehani nimeishika ile pakiti, na vidonge sita vilivyobaki vikanitazama, vya samawati hafifu, rangi ambayo kwenye kopo haikuwahi kuwepo. Mkono wangu wa kushoto, huo mzima, ukavuta droo bila kuniuliza.

"Hodi fundi," sauti ikasema.

Alikuwa Sista, amevaa kanga na kandambili, gauni lake jeupe la kazi mkononi. Alikuwa akikaa mtaa wa juu, sikujua. Nikaifunga droo kwa goti.

"Limenipwaya kiunoni. Unaweza kushona?"

"Sijajaribu tangu siku ile."

"Basi jaribu kwangu, mimi si mteja wa kulia." Akavuta kiti, akaondoa gunia, akakaa.

Niliweka kitambaa. Kidole kikanyoosha kile ambacho hakikuwa nacho tena, na gauni likateleza. Nilikuwa nalisukuma kwa ncha iliyobaki hospitali. Mshono ukaenda kama mlevi. Nikaufumua. Nikajaribu kwa kidole cha kati, ambacho maisha yake yote kimekula bure. Kikasukuma kwa nguvu mno, kitambaa kikakunjamana. Nikafumua tena. Jasho lilinitoka. Sista alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Mara ya tatu nilikwenda polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, kidole kifupi kikishika, cha kati kikisukuma, mpaka mwisho wa pindo.

Akalichukua gauni, akaligeuza ndani nje, akaupitia mshono kwa ukucha.

"Hapa pamepinda."

"Najua."

"Pataonekana?"

"Ukikaa kimya, hapana."

Akatabasamu kidogo. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Vidonge vimebaki vingapi?"

"Sita."

"Kidole kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo."

"Ndiyo siku mbaya kuliko zote hiyo," akasema. "Kikiuma unakumbuka mwenyewe." Akasimama, akalitundika gauni kwenye msumari ulio mbele ya cherehani, usawa wa uso wangu. "Nitalifuata vikiisha."

"Lakini Sista, lipo tayari. Chukua tu."

"Naona lipo tayari."

"Na kazini utavaa nini?"

"Linalopwaya, lile lingine. Wewe ukichelewa, mimi napwaya."

Akaondoka. Siku tatu nilishona mapazia yale ya shule nikitazamana na gauni jeupe lisilo na mtu ndani. Kila nilipoinua kichwa lilikuwapo. Nilimeza cha asubuhi, nikameza cha jioni. Mke wangu alipita upande upande, akalitazama, akacheka peke yake, akatoka.

Siku ya nne Sista akaja njiani kuelekea zamu. Nikampa pakiti. Akaipeleka sikioni, akaitikisa, akabonyeza kila tundu kwa kidole gumba. Kisha akaushika mkono wangu, akaukandamiza ule mwisho mpya wa kidole, akanitazama usoni kama nitashtuka. Sikushtuka.

"Hiki umebaki nacho," akasema.

Akalitoa gauni msumarini, akaligeuza ndani nje kwa mara nyingine.

"Bado pamepinda."

"Lete nifumue. Sasa nimezoea zaidi, dakika kumi tu."

"Acha," akasema, akilivaa juu ya nguo zake palepale mlangoni, akifunga vifungo kuanzia chini. "Nitakaa kimya."